Sauti inakatika saa nne asubuhi: kisa cha swichi, faiba ya megabiti 20 na foleni iliyokuwa mahali pengine

Ofisi ni ya uwakala wa forodha, ghorofa ya tatu, mwendo mfupi kutoka bandarini Dar es Salaam. Ina simu za IP 14 (zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta), na kompyuta ya kila karani imechomekwa nyuma ya simu yake. Kwenye kabati la mtandao kuna seva ya simu ya Asterisk na mashine ya kurekodia kamera 16. Skana tatu hazipumziki kutwa, maana kila kontena lina hati zake: hati ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, vibali. Laini ya nje ni faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, kupandisha na kushusha sawasawa. Swichi ni Cisco Catalyst 2960-S ya poti 24 yenye programu ya LAN Base, nayo ruta ndogo ndiyo inayopitisha trafiki kati ya VLAN za ndani (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) na kuitoa nje.

Malalamiko yalikuwa ya aina moja. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, mteja akipigiwa simu anasikia maneno nusunusu: "Hallo, hallo, sikupati, rudia." Karani wa ofisini yeye anamsikia mteja vizuri kabisa. Jioni, ofisi ikiwa imefungwa, fundi akija kupima haoni tatizo lolote.

Maelezo hayo peke yake yanatosha kukupeleka karibu na jibu, na ni ajabu jinsi yanavyopuuzwa. Sauti ikiharibika upande mmoja tu, kebo za ndani na seva ya simu hazipaswi kuwa washukiwa wa kwanza, kwa sababu sauti za kwenda na kurudi zinapita humo humo. Kinachotofautiana ni laini ya nje: anachosikia mteja kimepandishwa, anachosikia karani kimeshushwa. Kwa hiyo upande wa kupandisha ndio umejaa. Na kama tatizo huja saa za kazi tu, basi kinachoujaza kinafanya kazi wakati watu wapo.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vya ping, yaani kutuma paketi (kifurushi kidogo cha data) na kupima muda wa jibu kurudi, kwenda kwenye geti la mtoa huduma, saa kumi na mbili jioni kisha saa nne na nusu asubuhi. Jioni: milisekunde 4. Asubuhi: kati ya 380 na 420, na baadhi ya paketi hazikurudi. Tofauti hiyo ya takriban milisekunde 400 ni kipimo cha ukubwa wa foleni. Laini ya megabiti 20 ikichukua sekunde 0.4 kumaliza foleni, basi foleni ina megabiti 8, yaani megabaiti 1. Kuna kifaa mahali fulani chenye bafa (kumbukumbu ya paketi zinazosubiri) ya karibu megabaiti moja, na bafa hiyo imejaa. Pendekezo la G.114 la ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kama kawaida. Hapa foleni moja tu imekula zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na bafa ikishajaa, paketi zinazofika zinadondoshwa bila kuulizwa zimebeba nini.

Nani anaijaza? Mashine ya kamera ilikuwa imewekwa kunakili picha kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapoona mtu akisogea, megabiti 1 kwa kila kamera. Usiku hakuna anayesogea. Saa nne asubuhi wapo wote, pamoja na madereva na wateja kwenye korido, na kamera 16 zinapandisha hadi megabiti 16. Megabiti 4 zinazobaki zinagombewa na skana na simu. Faili moja la kurasa 60 kwa rangi lina uzito wa megabaiti 45 hivi, sawa na megabiti 360. Hata laini ikiwa tupu, faili hilo litaishika yote kwa sekunde 18.

Na simu zinataka kiasi gani? Kodeki ya G.711, inayogeuza sauti kuwa data, hutoa paketi 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Ukijumlisha vichwa vya RTP, UDP, IP na Etheneti, yaani maelezo ya safari yanayotangulia sauti, simu moja inakula kilobiti 87.2 kwa sekunde kila upande. Simu 10 kwa pamoja ni kilobiti 872. Ofisi ilikuwa inahangaika kwa ajili ya chini ya asilimia tano ya laini yake. Kabla ya hapo ilikuwa imeanza mazungumzo ya kununua megabiti 40. Zingesaidia wiki chache, mpaka mtu atakapopandisha ubora wa picha za kamera. TCP, itifaki inayobeba mafaili, haina kiasi. Ikipewa nafasi inaijaza.

Jaribio la kwanza lililoharibu zaidi

Fundi aliyeitwa mwanzo alijua kwamba dawa inaitwa kipaumbele, akaingia kwenye swichi na kuandika amri moja ya kukiwasha:

mls qos

Kwenye poti za simu akaongeza `mls qos trust device cisco-phone`. Kesho yake simu zilikuwa mbaya zaidi, hata za ndani kwa ndani, na makarani wakaanza kulalamikia seva ya mafaili.

Kwenye familia hii ya swichi, kipaumbele kikiwa kimezimwa, paketi hupita na alama zake (namba za kipaumbele kwenye kichwa cha paketi, ziitwazo DSCP) bila kuguswa. Ukikiwasha, mambo mawili hutokea papo hapo. La kwanza, kila poti huwa haiaminiki: paketi inayoingia na alama ya DSCP 46, ambayo ndiyo alama ya sauti, inafutwa na kuandikwa 0. Simu ambazo zilikuwa zinaweka alama yake vizuri kabisa zikavuliwa hadhi mlangoni. Ile amri ya kuamini simu haikusaidia, kwa sababu swichi huitambua simu kwa CDP, itifaki ya Cisco yenyewe, na simu za ofisi hii ni za chapa nyingine. Haikutoa onyo wala kosa. Ilikaa kimya ikisubiri simu ambayo haitakuja.

La pili, bafa ya kutokea kwenye kila poti hukatwa mafungu manne ya asilimia 25 kwa ajili ya foleni nne. Kwa mpangilio wa kiwandani, trafiki yenye alama 0 huenda foleni ya 2. Sasa kila kitu kilikuwa na alama 0, hivyo ofisi nzima ikajibana kwenye foleni moja. Skana ikimwaga faili kwa kasi ya gigabiti kuelekea kompyuta iliyounganishwa kwa megabiti 100, foleni hiyo hufurika ndani ya muda mfupi sana.

Hata angetumia `mls qos trust cos`, yaani kuamini CoS, alama nyingine ya kipaumbele iliyo kwenye kichwa cha Etheneti, kulikuwa na mtego wa pili. Ramani ya kiwandani hubadili CoS 5 kuwa DSCP 40, si 46. Ndani ya swichi hutaona tofauti, maana 40 hadi 47 zote huingia foleni ya 1. Lakini kifaa cha mbele kinachotafuta 46 hakitaitambua sauti. Anayetegemea CoS aandike `mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56` kabla ya kitu kingine.

Foleni iko wapi

Hata kama alama zingekuwa sahihi, usanidi ule usingeponya chochote. Swichi haikuwa na foleni ya kupanga. Poti inayoelekea kwenye ruta ina kasi ya megabiti 1000, na trafiki ya ofisi kwenda nje haifiki hata 40. Kila paketi ikija inapita hapo hapo, ya sauti na ya kamera sawa. Foleni ile ya megabaiti moja ilikuwa ndani ya kisanduku cha mtoa huduma, mahali gigabiti inapokutana na megabiti 20, na kisanduku hicho hakisomi alama za mtu.

Anayeishi Kigamboni anaijua hali hii bila kufundishwa. Mwendokasi una njia yake toka Kimara mpaka Kivukoni, unapita magari yote yaliyosimama. Ukishuka Kivukoni, pantoni ni lile lile, na mliofika kwa mwendokasi mnasubiri pamoja na waliofika kwa daladala. Kutengeneza njia maalumu mahali pasipo na msongamano ni kazi bure. Ama upeleke njia maalumu kwenye pantoni, ama uhamishe foleni ije mahali unapoweza kuipanga.

Kisanduku cha mtoa huduma hakifunguliwi, kwa hiyo foleni ihamishwe. Njia ni kuilazimisha swichi itoe trafiki polepole kidogo kuliko laini yenyewe. Ikitoa megabiti 18, kisanduku chenye uwezo wa 20 hakijai kamwe. Foleni inaundwa ndani ya swichi, na huko sheria ni zako. Unapoteza megabiti 2. Wenye ofisi huzionea uchungu hizo megabiti mbili kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii, ila hakuna namna ya kuzikwepa.

Kuweka kikomo mahali sahihi

Amri ya kikomo ni `srr-queue bandwidth limit`, ikifuatiwa na asilimia ya kasi ya poti, kuanzia 10 hadi 90. Kwa poti ya gigabiti, asilimia 10 ni megabiti 100, ambazo ni nyingi mno kwetu. Lazima poti ishuke hadi megabiti 100, kisha kikomo kiwe 18.

Hapa kuna mahali pawili pa kujikwaa, na kisa hiki kilijikwaa pote pawili.

Pa kwanza ni namna ya kushusha kasi. Ukiandika `speed 100` na `duplex full`, poti inaacha kujadiliana na mwenzake. Ruta ya upande wa pili, ikiwa bado iko kwenye kujadiliana, inaweza kutambua kasi lakini haiwezi kujua kama ni dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), kwa hiyo inaangukia nusu. Taa zinawaka kijani, ping inajibu, na kasi ya kupandisha ikaanguka hadi megabiti 3. Dalili yake ni makosa ya CRC (paketi zilizoharibika njiani) na paketi vipande kwenye upande ulio kamili, na migongano ya kuchelewa kwenye upande ulio nusu. Andika `speed auto 100` badala yake: poti inaendelea kujadiliana, ila inatangaza megabiti 100 peke yake.

Pa pili ni poti ipi. Kikomo kiliwekwa kwanza kwenye poti inayoelekea ndani ya ruta. Simu za nje zikapona, na faili la megabaiti 45 lililokuwa likifika kwenye seva ya mafaili kwa sekunde moja hivi likaanza kuchukua sekunde 20. Ruta hii ndiyo inayovusha trafiki kati ya VLAN ya makarani na VLAN ya seva. Kila kinachotoka VLAN moja kwenda nyingine kinapita kwenye poti ile ile, kwa hiyo kilibanwa pamoja na cha nje.

Suluhisho lilikuwa kupitisha laini ya nje ndani ya swichi yenyewe. Upande wa nje wa ruta ulichomolewa kutoka kwenye kisanduku cha faiba na kuchomekwa poti ya 23, na kisanduku kikachomekwa poti ya 24. Poti hizo mbili ziko peke yake kwenye VLAN 900. Trafiki ya kwenda nje inatoka kwenye ruta, inaingia 23, inatokea 24. Kikomo kikiwa kwenye 24 hakigusi chochote cha ndani. VLAN 900 isiwe na anwani ya IP kwenye swichi, wala isiruhusiwe kwenye poti nyingine yoyote, kwa kuwa hapo uko barabarani, nje ya uzio.

Kuweka alama

Kabla ya kuandika alama, kamera zilipunguzwa kutoka megabiti 1 hadi kilobiti 400 kila moja, jumla megabiti 6.4. Hii si kazi ya swichi, lakini hakuna maana ya kupanga foleni kwa ustadi huku mzigo usio na lazima umeachwa uendelee kumiminika.

Aina nyingi za trafiki huwa tamu kwenye karatasi. Hapa tatu zilitosha, na ishara za simu (ujumbe wa kuanzisha na kukata simu) zikiwa tawi dogo la nne. Skana hazikushushwa daraja: hati zile ndizo biashara yenyewe, na kuzitambua kwa anwani za mifumo ya nje ni kujitafutia kazi ya kurekebisha orodha kila anwani zinapobadilika. Zilibaki na kazi nyingine za kawaida, alama 0. Mkurugenzi aliomba kompyuta yake iwekwe foleni ya 1. Hilo lilikataliwa kwa adabu, na mafundi wanaolikubali hujuta, kwa sababu foleni ya kipaumbele haina breki: ilimradi ina paketi, nyingine zote zinasimama.

VLAN ya simu ina anwani 192.168.40.0/24, na mashine ya kamera ni 192.168.50.10.

ip access-list extended SIMU-ISHARA
 permit udp 192.168.40.0 0.0.0.255 any eq 5060
ip access-list extended SIMU-SAUTI
 permit udp 192.168.40.0 0.0.0.255 any
ip access-list extended KAMERA
 permit ip host 192.168.50.10 any

class-map match-all ISHARA
 match access-group name SIMU-ISHARA
class-map match-all SAUTI
 match access-group name SIMU-SAUTI
class-map match-all PICHA
 match access-group name KAMERA

policy-map WEKA-ALAMA
 class ISHARA
  set dscp 24
 class SAUTI
  set dscp 46
 class PICHA
  set dscp 8

Mpangilio ndani ya `policy-map` una maana. Paketi hushikwa na daraja la kwanza linaloifaa. Ukiweka SAUTI juu, ishara nazo zitaitwa sauti.

Sera hiyo iliwekwa kwa `service-policy input WEKA-ALAMA` kwenye poti 1 hadi 14 za simu, 15 ya seva ya simu, na 20 ya kamera. Kwa nini si `mls qos trust dscp` tu kwenye poti za simu, kwa vile simu zinaweka 46 zenyewe? Kwa sababu kompyuta ziko nyuma ya simu hizo hizo. Ukiiamini poti, umeiamini na kompyuta, na programu yoyote inayojipa alama 46 inaingia kwenye njia ya mwendokasi bila tiketi. Jihadhari pia usiandike vyote viwili kwenye poti moja: kwenye swichi hizi sera na kuamini haviishi pamoja, cha mwisho kuandikwa hukifuta cha kwanza.

Poti ya 21, iliko ruta upande wa ndani, na ya 23, iliko ruta upande wa nje, zilipewa `mls qos trust dscp`. Paketi zinazofika huko zimeshakaguliwa mlangoni. Sharti moja: ruta isifute alama inapobadilisha anwani. Hilo halikisiwi, linapimwa kwa kunakili trafiki ya poti:

monitor session 1 source interface gi1/0/23 rx
monitor session 1 destination interface gi1/0/22

Kompyuta yenye Wireshark (programu ya kusoma paketi) kwenye poti ya 22, kichujio `ip.dsfield.dscp == 46`, piga simu moja nje. Zikionekana paketi 50 kwa sekunde, ruta ni mwaminifu. Hapa ilikuwa hivyo.

Foleni na mgao

Ramani ya kiwandani inapeleka 46 foleni ya 1, ambayo ni sawa, lakini mengine yalihitaji kupangwa upya. Kilichosahaulika mara nyingi ni alama 48, ya itifaki za mtandao zenyewe, ambayo kiwandani huangukia foleni ya 4. Ukiigeuza ya 4 kuwa foleni ya mizigo mizito bila kuihamisha 48, umeweka gari la wagonjwa nyuma ya malori.

mls qos srr-queue output dscp-map queue 1 threshold 3 46
mls qos srr-queue output dscp-map queue 2 threshold 3 24 48 56
mls qos srr-queue output dscp-map queue 3 threshold 3 0
mls qos srr-queue output dscp-map queue 4 threshold 3 8

Kwa kuwa sasa kazi zote za kawaida ziko foleni ya 3, bafa nazo zimfuate mwenye mzigo. Poti za nje zilipewa seti yake ya pili, na ya kwanza ikarekebishwa kwa poti za ndani:

mls qos queue-set output 1 buffers 10 15 60 15
mls qos queue-set output 2 buffers 10 15 50 25

Kisha poti yenyewe:

interface GigabitEthernet1/0/24
 description FAIBA 20M - KIKOMO 18 - BADILISHA LAINI IKIBADILIKA
 switchport mode access
 switchport access vlan 900
 speed auto 100
 queue-set 2
 srr-queue bandwidth share 1 20 65 15
 srr-queue bandwidth limit 18
 priority-queue out
 no cdp enable

Mstari wa `share` unasomeka hivi. Foleni ya 1, `priority-queue out` ikiwepo, haihesabiwi kwenye mgao. Ile 1 ni ya kujaza nafasi. Zilizobaki zinagawana 20, 65 na 15. Simu 10 zikiwa hewani, zinabaki takriban megabiti 17, hivyo ishara zina haki ya 3.4, kazi za ofisi 11 hivi, na kamera 2.5. Hizo ni haki za chini, si kuta. Makarani wakienda kula, kamera zinapata megabiti zao zote 6.4. Ndiyo maana mgao ulichaguliwa badala ya kuzikatia kamera kiwango kwa `police`: hicho kinadondosha hata laini ikiwa tupu.

Usisahau `priority-queue out`. Bila hiyo, foleni ya 1 inaangukia mpangilio wa kiwandani wa `srr-queue bandwidth shape 25 0 0 0`. Namba hiyo ni kinyume: 25 maana yake ni moja ya ishirini na tano ya poti, na haikopi hata nyingine zikiwa tupu. Wengi huongeza namba wakidhani wanaongeza kasi, kumbe wanaipunguza.

Kuhusu ile 18: maunzi hurekebisha kikomo kwa hatua za takriban asilimia sita, hivyo 17 na 19 zinaweza kukupa matokeo yale yale. Pandisha faili kubwa huku ukipiga ping. Kama ping inapaa kuelekea mamia, kikomo halisi kiko juu ya laini na foleni imerudi kwenye kisanduku. Shusha.

Upande wa kushusha

Malalamiko ya karani kutomsikia mteja hayakuwepo, lakini yangekuja siku kompyuta zote zinaposhusha masasisho. Kwa kuwa laini ya nje sasa inapita ndani ya swichi, dawa ile ile inawezekana kwa kinyume: trafiki ya kushusha inaingia 24 na kutokea 23. Poti ya 23 ilipewa `speed auto 100`, seti ya pili, mgao, kikomo 18 na `priority-queue out`. Alama kutoka nje haziaminiki, hivyo kwenye 24 iliwekwa sera ya kuingilia inayotambua sauti kwa anwani ya mtoa huduma ya simu, tuseme 203.0.113.10, na kuipa 46. Kilichobaki kinapewa 0.

Upande huu haunyooki kama ule wa kupandisha. Paketi inayodondoshwa hapa imeshavuka laini na kuitumia. Inafaa kwa sababu mtumaji wa TCP akipotelewa na paketi hupunguza mwendo, na baada ya muda mfupi foleni ya upande wa mtoa huduma inakauka. Trafiki ya UDP isiyojali upotevu haitapungua kwa njia hii.

Kusoma matokeo

Usitumie `show policy-map interface` kwenye swichi hizi. Amri inakubali, inaonyesha sera yako, na takwimu zake si za kuaminiwa. Mafundi wamefuta usanidi mzuri kwa kuona sifuri pale. Tumia hii:

show mls qos interface gi1/0/24 statistics

Kwenye jedwali la alama zinazotoka, tafuta safu ya 45 - 49. Namba ya pili ndiyo ya 46. Simu ikiwa hewani, iendeshe mara mbili kwa tofauti ya sekunde kumi. Namba ipande kwa takriban 500 kwa kila simu. Chini yake kuna paketi zilizodondoshwa kwa kila foleni, na hapo foleni zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 3, wakati kwenye usanidi ni 1 hadi 4. Foleni 0 ya jedwali ni foleni 1 yako. Mtu asiyejua hilo ataona upotevu kwenye "3" na kudhani ni kazi za ofisi zinaumia, kumbe ni kamera.

Saa nne na nusu ya siku iliyofuata: ping kati ya milisekunde 9 na 14 huku skana zote tatu zikipandisha. Upotevu foleni 0, sifuri. Foleni 2, kidogo. Foleni 3, maelfu. Hayo maelfu yalimshtua msimamizi, akataka bafa iongezwe. Isiongezwe. Paketi za kamera kudondoka ndiyo namna mashine ya kamera inavyoambiwa ipunguze mwendo. Ukiongeza bafa umejenga upya ile foleni ya megabaiti moja, safari hii kwenye kabati lako.

Siku tatu baadaye umeme ukakatika mchana, betri ya kabati ikaisha, na swichi ilipowaka ikarudi na ile `mls qos` ya fundi wa kwanza peke yake. Kazi yote ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda. Iliandikwa tena kutoka kwenye faili la maandishi lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya msimamizi, na mara hii ikafuatiwa na `copy running-config startup-config`. Nakala ya faili hilo imechapishwa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati, na juu yake kwa kalamu nyekundu: laini ikipanda kuwa megabiti 40, kikomo cha 23 na 24 kiwe 36, la sivyo mtalipia 40 na kutumia 18.